Nilivyouendesha Udaktari wa Vitunguu

Siku ya kuniaga ofisini nilipewa dakika tano za kuzungumza, na mshereheshaji akanikata dakika ya tatu kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nalinusa. Lakini kuna mmoja wenu, vijana wa idara ya kilimo, alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mzee Athumani, wewe umezunguka sana na wasomi. Hivi udaktari wa chuo kikuu unagharimu kiasi gani?" Nilimjibu kwamba inategemea. Hilo halikuwa jibu, ilikuwa kukwepa. Jibu lenyewe ni refu, na sasa muda ninao.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vya dereva ni viwili tu, dereva na dereva mstaafu, na mshahara wangu unajulikana mpaka kwa muuza chapati wa stendi.

Nilianza kazi hapa Kilosa nikiwa kijana mwembamba mwenye leseni mpya. Dereva mkuu alikuwa Mzee Lukas, mtu wa maneno machache na kofia moja. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa usukani. Alinipa gunia la kulalia na kitambaa, akaniambia niingie chini ya pikapu.

"Unaona nini?" akaniuliza kutoka juu.

"Matope, mzee."

"Kingine?"

"Oili inavuja."

"Inavuja wapi?"

"Kila mahali."

"Haya," akasema, "sasa umeanza kazi."

Yeye ndiye aliyenifundisha nisitoke Kilosa bila kamba, panga, viraka vya tairi na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni si ya kuoga. Tangi likitoboka njiani unaisugua pale penye tundu, inaziba mpaka ufike. Enzi za uhaba kipande kile kilikuwa na thamani kubwa kuliko tangi lenyewe, na mke wangu aliwahi kunitafutia makosa wiki nzima kwa sababu sabuni ya familia ilikuwa imeishia chini ya gari la serikali.

Kisha likaja soko huria. Maduka ya Kilosa yakajaa sabuni, sukari na redio za kaseti, na ofisi yetu ikaishiwa mafuta. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua mazao kikafa taratibu, karani wake akafungua baa. Sisi tukabaki na sentensi moja ya kumjibu kila aliyetuhitaji: gari lipo, dereva yupo, mafuta hakuna. Kwa hiyo mtafiti yeyote aliyekuja na mafuta yake alipokelewa kama bibi harusi. Bosi wetu alikuwa akitoka mwenyewe nje kumpokea, anamsalimia mgeni huku akiangalia madumu.

Ndivyo alivyoingia Mwalimu Tekla. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mfupi, miwani mikubwa, na mgongoni amebeba kitu kwenye kanga. Nikadhani mtoto. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, ile ya mshale na ndoana. Mtoto alikuwa naye kweli, wa kike, wa miaka miwili, lakini huyo alikuwa amemwacha Morogoro kwa mama yake mzazi. Alikuwa mwalimu msaidizi chuo kikuu, na alikuja kufanya utafiti wa shahada ya udaktari: wakulima wa vitunguu wa Lumuma wanauzaje mazao yao tangu soko liachiwe huria, na nani anapata nini kati ya shamba na barabara kuu ya Mikumi.

"Kaka Athumani, nimeambiwa wewe ndiye unayeijua barabara ya Lumuma," akaniambia.

"Barabara ya Lumuma haijulikani, Mwalimu. Inavumiliwa."

Akacheka, akapanda mbele. Tulipofika milimani, pale ambapo abiria wengi huanza kusali, yeye akatoa karatasi za bajeti yake akaanza kunisomea. Wafadhili wake walikuwa Ulaya. Walikuwa wamempangia fungu nono la hoteli. Fungu la matairi halikuwepo kabisa, kwa sababu kwa mujibu wa fomu yao gari lilikuwa jukumu la wenyeji.

"Lumuma haina hoteli," nikamwambia.

"Najua. Niliwaandikia. Wakajibu kwamba fungu la hoteli haliwezi kuhamia kwenye matairi."

"Sasa tutalala wapi?"

"Popote patakapotoa risiti."

Tulipokelewa na Bi Zena, mjane mwenye mashamba mawili ya vitunguu, nyumba ya bati na ulimi usio na breki. Mwalimu akalala chumba cha ndani, mimi nikalala kwenye pikapu kulinda mafuta. Asubuhi Mwalimu akamweleza kwa adabu kwamba atamlipa, ila anahitaji risiti yenye muhuri. Bi Zena akasema hana muhuri, ana jogoo. Ikabidi twende kwa ofisa mtendaji wa kijiji, akaandika barua kwamba Bi Zena ni mtu anayelaza wageni, akaipiga muhuri mara tatu kwa uhakika. Karatasi ile ikasafiri mpaka Ulaya. Baada ya miezi miwili ikarudi na swali: je, bei ya chumba inajumuisha kifungua kinywa?

Mwalimu alimtafsiria Bi Zena swali lile. Bi Zena akafikiri.

"Waambie uji upo, ila maziwa waje nayo."

Hizi hela za Ulaya zilituletea kizaazaa kingine. Kama kuna msomaji asiyejua, kati ya Kilosa na Mikumi kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na sisi wa huku hatuoni ajabu yoyote. Bi Zena aliposikia kwamba ada na mafuta ya Mwalimu vinatoka Ulaya, na kwamba safari hii vimechelewa, alishangaa sana.

"Mbona ni njia yenu ya kwenda Mikumi? Si msimame tu mkazichukue?"

Tangu siku hiyo kila tulipopita kijiji kile Mwalimu alikuwa akinigusa bega. "Kaka Athumani, punguza mwendo. Labda wako dirishani."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kaya thelathini zilikubali magunia yao yapimwe kabla ya kuuzwa, mara nne katika msimu. Mimi na vijana wa nyumba husika tulisimamisha miti mitatu, tukaifunga kwa kamba juu, tukaning'iniza mizani, kisha tukanyanyua gunia. Gunia la kwanza kupimwa lilikuwa la Bi Zena, tayari limeshonwa kwa ajili ya mnunuzi. Lilikuwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kichwa cha wavu juu yake, likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Mnunuzi analipia gunia moja. Kilemba ni cha bure.

Tukalinyanyua. Mshale ukazunguka, ukapita mwisho wa namba, ukagota. Mwalimu akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mshale bado umegota.

"Mizani imekataa," nikasema.

"Haijakataa. Imeisha," akasema.

Kumbe aliyeuza mizani ile hakuwahi kufikiria kwamba kuna watu duniani wanaoita mzigo ule gunia moja. Tukarudi Kilosa kutafuta mizani kubwa, safari ambayo haikuwepo kwenye bajeti, na mizani ambayo pia haikuwepo. Mwalimu aliinunua kwa fedha za kushonea nguo za sikukuu. Najua kwa sababu sikukuu ile alivaa gauni ambalo tayari lilikuwa na doa langu la oili.

Mnunuzi mkubwa wa Lumuma aliitwa Kigoda. Alikuwa na lori, suruali zenye mkunjo uliopigwa pasi, na tabia ya kumwita kila mtu mpenzi wangu huku akimpunja. Mwanzoni mizani ilimchekesha. Alikuja kutazama akila muwa. Lakini siku alipoona Mwalimu anaandika, na wakulima wanachungulia anachoandika, kicheko kikapungua.

Tulikuwa tumemaliza vipimo viwili kati ya vinne barua ilipofika. Mwalimu aliisomea ofisini kwetu, amesimama, na alipomaliza akaketi kwenye kiti cha mhudumu ambacho sote tulijua mguu wake mmoja ni mbovu. Hakuanguka, nadhani kiti kilimhurumia. Wafadhili walikuwa wamebadili vipaumbele. Vitunguu na masoko vilikuwa mambo ya mwaka jana, sasa walitaka mazingira na wanyamapori. Kwa kuwa Mikumi kuna hifadhi, walimshauri kwa moyo mwema aangalie uhusiano kati ya kitunguu na tembo. Akiupata, fedha zitaendelea.

"Kaka Athumani," akaniuliza, "tembo anakula kitunguu?"

"Mwalimu, tembo nimemwona akila mahindi, ndizi, na mara moja mlango wa stoo. Kitunguu bado."

Akakaa siku mbili akifikiri, kisha akawaandikia ukweli kwamba uhusiano huo haupo. Ningekuwa mimi ningemtafuta tembo huyo hata kwa kumlisha kwa mkono. Fedha hazikuja tena.

Haikuwa mzaha, ingawa tuliucheka. Chuo kilikuwa kimempa likizo ya masomo mpaka mwisho wa masika. Ikipita hapo bila vipimo vyote vinne, jina lake linafutwa, anarudi kufundisha bila kitu, miaka mitatu imekwenda, na yule mtoto amekulia Morogoro bure. Hayo aliniambia mara moja tu, tukiwa tunaziba pancha, na hakuyarudia.

Kigoda akapata habari. Lumuma habari hazihitaji lori. Alitusubiri barabarani amekaa juu ya boneti.

"Mwalimu mpenzi wangu, nasikia Ulaya wamekukaushia."

"Umesikia sawa, bosi."

"Nitakulipia mimi. Mafuta, karatasi, mpaka joho la kuvaa siku ile. Umalize kwa raha zako."

"Kwa sharti gani?"

"Sharti la nini? Mimi si benki. Ile mizani tu. Pima yote unayotaka, ya kwangu uyaache. Wafanyabiashara wapo wengi."

"Bosi, nusu ya vitunguu vya hapa unanunua wewe."

"Si inabaki nusu? Kwani nusu udaktari si udaktari?"

Mwalimu akamshukuru kwa heshima zote, akasema hawezi. Tukaondoka. Mimi nilikuwa na hasira ambayo nusura iniingize korongoni.

"Mwalimu, umekataa mafuta ya mwaka mzima!"

"Wakiniuliza chuoni kwa nini hukupima magunia ya Kigoda nitasema nini?"

"Sema mizani iliharibika."

"Mizani haijaharibika."

"Hilo niachie mimi. Spana ninayo."

Akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani, na machozi yakaendelea kutoka hata baada ya kicheko kuisha. Nikaangalia barabara. Mzee Lukas alinifundisha mambo mengi lakini hilo hakunifundisha, kwa hiyo niliendesha polepole tu, na mashimo yale yote nikayakwepa kama nimebeba mayai.

Wazo la Mikumi lilikuwa la Bi Zena. "Unaandika vitunguu mwaka mzima," akamwambia Mwalimu, "hujawahi kuuza hata kimoja. Kauze." Mwalimu akanunua magunia matatu kwa akiba yake ya mwisho, magunia ya kweli yasiyo na kilemba, nikayapandisha kwenye lori la mtu. Mimi mwenyewe nikaomba likizo yangu ya mwaka. Iliidhinishwa haraka kuliko ombi lolote nililowahi kuandika, maana dereva asiye na mafuta ni kiti cha ziada tu.

Mikumi mnaijua. Mabasi ya Iringa na Mbeya yanasimama kidogo, wauzaji wanayavamia, kila dirisha linakuwa duka. Mwalimu siku ya kwanza alisimama pembeni na beseni kama anasubiri kuitwa na daktari. Abiria mmoja akamuuliza fungu bei gani.

"Inategemea," akasema Mwalimu. "Kuna vya daraja la kwanza, na kuna hivi ambavyo kutokana na unyevu..."

Basi likaondoka. Mama mmoja muuza karanga akamtazama kwa huruma.

"Dada, unauza au unahutubia?"

Mama yule ndiye aliyemfundisha. Taja bei kabla hujaulizwa. Usimwangalie abiria, angalia mkono wake. Basi likianza kutembea kimbia nalo, maana hapo ndipo mtu anapoamua. Kufikia siku ya nne Mwalimu alikuwa anakimbia na beseni kichwani, miwani imefungwa kwa uzi, anapiga kelele za kuuzia ambazo sikuamini zinatoka kwenye kifua kidogo kama kile. Mimi nilikuwa nyuma, nafunga mafungu na kutazama usalama wa magunia.

Wiki ya pili, mchana, likasimama basi la kwenda Iringa. Ukatoka mkono dirishani, wenye saa kubwa.

"Hilo fungu bei gani?"

Mwalimu akataja bei.

"Punguza. Vimenyauka hivyo."

"Havijanyauka, mzee, vimekauka. Kibichi unakila leo, hiki kinakaa mpaka mwezi ujao."

"Bei hii ni ya wizi. Huko shambani mnavichukua bure."

Hapo alikuwa ameligusa. Mwalimu akamshushia yote kwa pumzi moja: bei ya gunia Lumuma, wavu, kamba, mpakiaji, lori, ushuru wa hapa na ushuru wa pale, vinavyooza njiani, na kinachobaki kwa mama aliyelima, ambacho hakimtoshi kununua hilo fungu analobishania. Kisha kikatoka kichwa chenye mvi.

"Tekla?"

Beseni likayumba. "Shikamoo, Profesa."

Alikuwa msimamizi wake wa masomo, Profesa Kaseke, ambaye alidhani mwanafunzi wake yuko Lumuma anahoji kaya.

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nakusanya takwimu, Profesa."

"Na hilo beseni?"

"Ni la kukusanyia."

Profesa akafungua mdomo. Dereva akatia gia. Basi likaanza kuondoka, na fungu lilikuwa mkononi kwa Profesa na fedha zilikuwa bado mfukoni kwake. Mwalimu akakimbia kama alivyofundishwa.

"Profesa! Vitunguu!"

"Nitakuandikia!" akapaza sauti Profesa, na basi likakata kona.

Muuza karanga alikuja akihema. "Yule tapeli unamjua?"

"Ndiye anayenisimamia," Mwalimu akasema.

"Basi pole, mwenzangu."

Lakini aliandika kweli. Baada ya wiki mbili ikaja bahasha kwenye sanduku la ofisi. Ndani kulikuwa na fedha za fungu moja, kwa bei ya kwanza, isiyopunguzwa. Pia aliandika kwamba amekwenda kugombana na wakubwa wa chuo, na Mwalimu ameongezewa muda mpaka mwisho wa mavuno. Hapo Mwalimu alishangilia mpaka mhudumu akaja kuchungulia. Akageuza ukurasa. Profesa alisema maelezo aliyopewa dirishani ni bora kuliko sura zote tatu alizokwisha kusoma, kwa hiyo anaagiza iongezwe sura nzima ya biashara ya barabarani. Ili iwe ya kisayansi, Mwalimu auze kwa mwezi mmoja zaidi.

Ndivyo wasomi wanavyosaidiana. Mtu anazama, wanamwongezea kina.

Alitii. Beseni lile likalipia dizeli ya vipimo viwili vilivyobaki, na viraka vya matairi ambavyo Ulaya ilivikataa. Likizo yangu ilipoisha nikarudi ofisini, na alipopata mafuta alinijia. Kipimo cha mwisho ndicho kilichokuwa kigumu, kwa sababu Kigoda alifika na lori asubuhi ileile na kusema magunia hayapimwi, amekwisha kuyalipia kwa mdomo.

Bi Zena akaweka mikono kiunoni.

"Gunia ni langu mpaka fedha iwe mkononi. Nikitaka kulipima nitalipima. Nikitaka kulivalisha kanga nitalivalisha. Athumani, nyanyua!"

Nikanyanyua. Sijawahi kunyanyua gunia kwa furaha vile, ingawa mgongo bado unanikumbusha kila mvua zinapokaribia.

Uandishi wenyewe sikuuona, nilisimuliwa. Chapa ilipigwa Morogoro kwenye chumba cha kompyuta chenye feni moja, na mgao wa umeme ulimeza sura ya vitunguu vya barabarani mara mbili. Mara ya tatu Mwalimu alisema aliiandika bila kutazama karatasi, maana alikuwa ameikimbilia kwa miguu yake.

Siku ya kuhojiwa na wakaguzi alinitumia ujumbe, nikaenda kwa nauli yangu. Nilikaa nje ya chumba na mama yake na yule mtoto, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano na maswali mengi kuliko wakaguzi. Mlango ulipofunguliwa Mwalimu alitoka amekunja uso.

"Umefaulu?" nikauliza.

"Nimefaulu, na masahihisho."

"Masahihisho yanakula mafuta?"

"Hapana. Karatasi tu."

"Basi umefaulu," nikamwambia, na mama yake akapiga kigelegele ambacho kilimtoa mlinzi getini.

Baada ya msimu mmoja Daktari Tekla, ingawa mimi niliendelea kumwita Mwalimu, alirudi Lumuma kuwaeleza watu alichokipata. Si lazima, wengi hawarudi. Watu walijaa kwenye darasa la shule ya msingi, wazee mbele, madawati yakilia. Kigoda naye akaja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, suruali yake na mkunjo wake. Mwalimu hakumtaja mtu. Alichora gunia ubaoni, akachora kilemba, akaeleza kilemba hicho ni kiasi gani na kwa msimu mzima kinachukua nini. Bi Zena akamuuliza, kwa magunia yake kumi, ni magunia mangapi anatoa bure. Mwalimu akamwambia. Mtu akasikika akihesabu kwa Kikaguru.

Kigoda akanyoosha mkono. Sote tukageuka.

"Sina ubishi na mizani," akasema. "Swali langu ni jingine. Binti yangu wa kwanza kamaliza kidato cha sita. Anasema anataka kusoma mpaka afike hapo ulipofika wewe. Inagharimu kiasi gani?"

Mwalimu akavua miwani. Nilidhani atamjibu kwa kifupi, alikuwa na haki hiyo. Badala yake akamhesabia yote. Ada, mafuta, karatasi, mizani mbili badala ya moja, chapa, majalada. Akamwambia wafadhili wanaweza kupenda kitunguu leo na kesho wakapenda tembo. Kisha akasema kuna kimoja hakipo kwenye bajeti yoyote.

"Mwanangu nilimwacha na miaka miwili. Siku moja nilitoka Mikumi kwenda kumwona. Akakimbilia ndani akimwita bibi yake: mama, mama, shangazi amekuja."

Bi Zena aliinamia kanga yake. Kigoda alibaki amesimama, anageuza ufunguo wa lori kidoleni, na nikaona kabisa yule baba ndani yake anasikiliza. Lakini yule mfanyabiashara naye alikuwemo, na hakuweza kujizuia.

"Sasa Mwalimu," akasema polepole, "haipungui hata kidogo?"

"Mpimie lumbesa huyo!" akapiga kelele Bi Zena.

Darasa likalipuka. Wazee waligonga madawati, mtu akaangusha chaki, na Kigoda mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta. Sitawadanganya kwamba lumbesa ilikufa siku hiyo. Msimu uliofuata Kigoda alinunua kwa Bi Zena kwa mizani, kwa sababu Bi Zena hakumpa njia nyingine, lakini kwa majirani wengine vilemba viliendelea, vikapungua kidogo tu.

Watu walipoanza kutoka nilikwenda kuwasha gari, maana tulikuwa na milima mbele yetu na jua lilikuwa limeinama. Nikapiga honi moja fupi. Mwalimu hakutoka. Nikachungulia dirishani. Kigoda alikuwa amejikunja kwenye dawati la darasa la pili, magoti yakimgusa kidevu, daftari lake la mizigo liko wazi na kalamu iko mkononi.

"Anza tena, Mwalimu," alikuwa anasema, bila mpenzi wangu wala nini. "Taratibu. Kwanza ada."

Nikarudi kwenye gari, nikazima injini.